Mfungo wa Maneno

Mahurunga, 1 Oktoba 1973

Daftari hili kaninunulia Kasiani, mume wangu, huko Mtwara mjini anakofanya kazi ya ukuli bandarini. Jumamosi alilitoa kwenye kapu, akaliweka juu ya kinu, akasema, "Mke wangu, maneno yako yakikosa pa kutokea utapasuka. Yamwage humu." Halafu akacheka peke yake, maana mimi hata kucheka kwa sauti siruhusiwi.

Sista daktari wa hospitali ya misheni amenifunga mdomo. Alinitazama kooni kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu kwa sababu ya kelele za miaka mingi, na dawa yake ni kunyamaza. Si kupunguza sauti, ni kunyamaza kabisa, hata kunong'ona marufuku, mpaka mwisho wa Novemba atakaponitazama tena. Sauti ikirudi, imerudi. Isiporudi ni Dar es Salaam, na huko ni kisu. Akaniuliza kama kuna siku nilipiga ukelele mkubwa kabla sauti haijapotea. Nikaitikia kwa kichwa. Hakuuliza ukelele wenyewe ulikuwa wa nini, na mimi sikuwa na hamu ya kumwandikia.

Basi mimi ndiye Albertina, mwalimu wa dini na kiongozi wa waimbaji, ninayewaonya watoto walioko shamba la pili bila kuinuka kwenye mkeka. Mgeni akiuliza nyumba yangu huambiwa afuate kelele. Sasa natembea na kibao na chaki kama mtoto wa darasa la kwanza.

4 Oktoba

Nimenyamaza. Kuku wamekula unga wote huku nikiwapungia mikono.

7 Oktoba, Jumapili

Domingo ameongoza nyimbo badala yangu. Ni kijana mwema, ila ana sauti ya mbuzi aliyesahauliwa kambani. Wimbo ulipopanda alipanda peke yake, wenzake wakabaki chini wanamsubiri ashuke. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikiuma ncha ya kanga. Baada ya misa akaja kuniuliza ameimbaje. Nikaandika kwenye kibao: Vizuri. Kumbe hata chaki inaweza kusema uongo.

10 Oktoba

Zuhura, jirani yangu, amekuja kumenya muhogo barazani kwangu. Yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, lakini njaa haijawahi kumnyima Zuhura maneno. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na Zuhura naye akikaa penye kivuli husoma aya mpaka muhogo uishe.

Leo kanitazama, kaniambia sote tumefunga, yeye chakula, mimi maneno. Tena mfungo wangu una asili yake, kwa sababu Bibi Mariamu alipomzaa Nabii Isa aliamriwa aweke nadhiri ya kufunga, asiseme na mtu siku ile. Nikaandika: Kwetu hiyo haimo. "Kwetu imo," akasema, akachukua muhogo mwingine.

13 Oktoba

Leo niliandike lile jambo, maana limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mama alifariki Machi mwaka huu. Alikuwa akikaa kwa dada yangu Esta, kule njia ya kwenda Msimbati. Masika ilikuwa kali, maji yalifunika njia zote, na habari ilinifikia wakati mama ameshazikwa. Nilipofika matangani nilimuuliza Esta neno moja tu: mama aliniulizia? Esta akatazama chini, akajibu, "Hakukuulizia."

Mimi, kitinda mimba wake. Nilisimama mbele ya watu wote waliokaa kwenye mikeka, nikamnyooshea Esta kidole, nikasema, "Nikimwita huyu dada tena, koo langu na lizibe."

Watu waliguna. Mzee mmoja wa ukoo alinisihi kiapo kivuliwe palepale kwa desturi yetu: aliyeapiwa anatia maji mdomoni, anampulizia kifuani yule aliyeapa, basi, kimekwisha. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu wa dini, na mambo ya maji ya mdomoni tuliyaacha ng'ambo ya Ruvuma tulikotoka. Kwa hiyo kula kiapo niliona sawa, kukivua ndiko nikakuita ushirikina. Albertina ndivyo alivyo.

Agosti tukakutana kusafisha chini ya mikorosho ya mama, kila mmoja upande wake, hatusemeshani. Mimi ndiye niliyechoma majani. Upepo ukageuka, moto ukaruka ule ukanda tuliokuwa tumeufyeka, ukamwendea Esta mgongoni naye ameinama. Nikapiga ukelele: "Dada, moto!" Akaruka, likaungua pindo la kanga tu. Tuliuzima kwa matawi, tukaachana bila neno. Kesho yake niliamka sina sauti.

Sista anasema ni kelele, ni miaka ya kuimba. Nimemkubalia. Lakini moyoni nakijua kilichonishika koo. Watoto nawafundisha kwamba kiapo cha hasira hakina nguvu mbele ya Mungu, na nawafundisha vizuri sana.

21 Oktoba

Korosho zimeanza kudondoka. Kutwa nzima mgongo umeinama. Mabibo yameoza chini ya miti na nyuki wamekuja kwa fujo.

28 Oktoba

Idi. Zuhura ameleta pilau na ameketi mpaka nikaila yote. Kasema yeye amefungua, bado mimi.

3 Novemba, Jumamosi

Nimegundua kwamba nimeolewa na mtu mwenye maneno. Miaka yote nilidhani Kasiani ni bubu wa nusu. Watu hutania kwamba mimi nilimeza ulimi wake siku ya ndoa. Leo amerudi na lori la jioni, ameketi tukipepeta korosho, akaanza kunieleza jinsi magunia yanavyopangwa ndani ya meli, nani alivunjika kidole, baharia gani alimfundisha kusema asubuhi njema kwa lugha asiyoijua jina. Akasimulia mpaka ugali ukapoa. Nikamwandikia: Haya yote ulikuwa umeyaficha wapi? Akasoma, akafikiri, akasema, "Nilikuwa nasubiri zamu yangu."

Nilicheka bila sauti mpaka machozi yakanitoka. Baadaye nikaona haya kidogo.

8 Novemba

Joto. Mawingu yanakusanyika upande wa mto, yanatawanyika.

14 Novemba

Nimefundisha darasa la dini kwa kibao. Somo lilikuwa lile neno la Bwana katika Injili, kwamba kinywa husema kile kilichoujaza moyo mpaka ukafurika. Nikachora mtungi, nikachora maji yanamwagika. Wakaelewa. Kisha binti mmoja mdogo, wa mbele, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, sasa wewe moyo wako umekauka?"

Hakuwa na ubaya, alitaka kujua. Nikafuta kibao taratibu kuliko ilivyohitajika. Ningekuwa na sauti ningemjibu upesi, na lingekuwa jibu zuri, la kitabuni. Kwa kuwa sina, nimerudi nalo swali nyumbani. Moyo haujakauka. Umejaa hofu, na sitaki hofu ndiyo imwagike mbele ya watoto.

20 Novemba

Joto lilelile. Mawingu yaleyale. Korosho zimeanikwa uwanja mzima na kila mtu anatazama juu.

28 Novemba, Jumatano

Nimekwenda hospitali, Zuhura akanisindikiza. Sista ametia kioo, akatazama muda mrefu, akatabasamu. Koo safi. Vinundu vimekwisha, nyuzi nyeupe, zinakutana vizuri. Akasema, "Mama, sema sasa. Sema jina lako."

Nikafungua mdomo. Haikutoka hata hewa yenye umbo. Nikajaribu tena, nikasikia kama mkono umenikaba kwa ndani. Zuhura akanishika bega. Sista akatazama tena kwa kioo, akaniambia haoni kitu chochote kinachozuia, na kwamba wakati mwingine koo hupona kabla ya mwenyewe. Amenipa mpaka baada ya mwaka mpya, isipotoka niende Dar es Salaam.

Njia nzima Zuhura hakusema. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

29 Novemba

Sitaki kuandika.

1 Desemba, Jumamosi

Kasiani ameniuliza Sista kasemaje. Nikaandika: Koo zima. Akangoja. Nikafuta, nikaandika: Ni kile kiapo. Nilimwita dada.

Nilitarajia anishangae, mwalimu wa dini mzima. Akanirudishia kibao. "Najua," akasema. "Matangani nilikuwepo, na ukelele wa moto ulinisimulia mwenyewe kwa sauti yako ya mwisho. Tangu Agosti nasubiri uniambie."

Akasema atakwenda kwa Esta. Nikaandika USIENDE kwa herufi kubwa mpaka chaki ikavunjika. Alikiokota kile kipande, akanirudishia mkononi.

2 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Ndio wakati wetu wa kumsubiri Bwana, na kila mwaka huwa naanza na watoto kwa habari ya Zakaria. Malaika alimletea habari ya mwana, mzee wa watu akasema nitaaminije, akafungwa ulimi mpaka mtoto alipozaliwa na kupewa jina. Nimeisimulia mara nyingi kwa madaha, nikiwaigizia yule mzee anavyotoka hekaluni anapunga mikono. Leo nilishika chaki, nikairudisha chini. Nimewaacha watoto waimbe, nikarudi nyumbani.

Zuhura alinikuta nalia. Nikamwandikia jina moja: Zakaria. Nikaongeza: Aliadhibiwa kwa ulimi wake. Kama mimi.

Akaketi chini hasa, akavuta upande wa kanga. Aliniambia wao wanamsoma pia, katika sura yenye jina la Mariamu, na baba yake alikuwa akiisoma mpaka sauti inamkatika. Zakaria ndiye aliyeomba alama, akaambiwa alama yako ni kwamba hutasema na watu, nawe mzima, huna ugonjwa. "Mzima, Albertina. Kwetu hakuna adhabu pale. Ni ahadi aliwekewa mdomoni aishike mpaka itimie."

Nikaandika: Vitabu viwili, ipi ni kweli? Zuhura aliokota korosho moja, akaitupa kwenye jamvi. Akasema hilo hajui, atakayelijua ni Mola. Yeye anajua tu kwamba tangu Agosti nimeishi kama mtu aliyeadhibiwa, kwa hiyo kila kitu nikionacho ni kiboko. "Jaribu kukaa kama mtu aliyepewa alama. Uone siku itakuwaje."

Nimekaa hivyo tangu adhuhuri. Sauti haijaja. Lakini nimekula ugali ukaisha.

5 Desemba

Radi mbali. Nimekaa na alama yangu. Nimeona kwamba Domingo akiimba hufumba macho, na wazee wawili wa mbele hufumba pamoja naye.

8 Desemba, Jumamosi

Mvua ya kwanza, na mambo makubwa. Niandike kwa mpango.

Mchana mbingu ilikuwa nyeusi. Nilikuwa peke yangu uwanjani na korosho zote zimeanikwa, nazo zikilowa zinaharibika. Siwezi kuita mtu. Nikaanza kukunja jamvi la kwanza, matone yakaanza, makubwa. Mara nikaona mikono mingine inashika ncha ya pili ya jamvi. Nikainua macho. Ni Esta. Nyuma yake Kasiani anakokota gunia. Kumbe alishuka lori mapema, akaenda kumchukua, amri yangu ya herufi kubwa akaiacha palepale kwenye kibao.

Tuliingiza korosho zote. Tukaketi ndani tumelowa, mvua inapiga bati hata aliyekuwa na sauti asingesikika. Ilipopungua, Kasiani akasema anakwenda kumtazama mbuzi. Hatuna mbuzi.

Esta alikuwa ameleta chupa ya maji. Akaiweka katikati yetu, akasema kabla ya kuivua ile laana ana jambo lake.

"Mama alikuulizia," akasema. "Nilikudanganya."

Alisimulia huku anaitazama ile chupa. Mama alishikwa ghafla jioni, na maji yalikuwa yamefunika njia, hakuna mtu wa kutuma. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Akawa anauliza, Albertina yuko wapi, Albertina amefika? Esta akamwambia yuko njiani. Akauliza tena na tena, mpaka Esta hakuweza kuvumilia. Akatoka nje, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akaingia, akapiga magoti, akasema kwa sauti yangu, hii ya juu ya kuimbia, ambayo tangu utotoni alikuwa akiiigiza kunitania: "Nipo, mama."

Mama akamshika mkono. Akambariki. Akasema, "Albertina, mwanangu, umekuja. Basi kaa salama, na mlango wako usikose mtu." Akalala, asubuhi hakuamka.

"Baraka aliitoa," Esta akasema, "ila aliitoa kwa jina lako na mimi ndiye niliyeipokea. Mimi niliyemwosha na kumlisha sikupata hata neno. Uliponiuliza matangani niliona wivu, na niliona haya. Nimekaa na kitu chako, Albertina. Mlango wangu haukosi mtu, kila siku wageni, na kila anayeingia namwona ni wako."

Mimi nafundisha habari ya Isaka kipofu na wanawe wawili, sauti ya mmoja na mikono ya mwingine. Siku zote nimewaambia watoto kwamba Yakobo alikuwa mwizi. Sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuiazima sauti ya nduguye kwa sababu mzee anakufa na hataki afe anaita.

Esta akatia maji mdomoni, akanipulizia kifuani kama desturi, akasema maneno yote ya mama kwa jina langu. Sikukataa. Sikuona ushirikina wowote pale, niliona dada anarudisha alichobeba. Nikamkumbatia na nguo zetu mbichi.

Sauti haikutoka. Esta akaniangalia mdomoni kwa matumaini mpaka nikamwonea huruma. Nikaandika: Si kitu.

9 Desemba

Hakika si kitu. Nimelala kama mtoto. Hofu imekwisha kabisa, nimeitafuta sikuiona. Esta amebaki.

10 Desemba, Jumatatu

Tulikuwa jikoni. Esta ameteleka wali wa mchele wa bondeni, amegeuka nyuma anatafuta chumvi, anasimulia habari za majirani zake kwa kirefu. Hii tabia ya maneno ni ya ukoo wetu wote. Sufuria likafura, kifuniko kikaanza kucheza, maji yakamwagikia moto.

"Dada, wali!"

Tuligeuka wote wawili kumtafuta aliyesema. Ilikuwa sauti nzito, yenye kutu, kama bawaba. Esta akadondosha chumvi. Nikasema tena, taratibu, nikijishika koo: dada, wali unaungua. Hakuna aliyeushughulikia. Tulikaa chini tunacheka na kulia, na Zuhura akaingia mbio akidhani kuna msiba, aliposikia namwita jina akaanza kunishutumu kwamba nimefungua mfungo bila kumwalika.

Wali tuliula hivyohivyo, na ukoko wake.

Neno ni lilelile nililoapa kwamba likinitoka litaniziba. Safari ya kwanza lilipita kwenye moyo ulioamini laana, likaniziba kweli. Leo limepita kwenye moyo mtupu, likafungua. Kile kiapo hakikuwa na meno. Meno nilikiazima mimi.

16 Desemba

Sista amenisikiliza, amefurahi, ameniambia nisiimbe mpaka Pasaka. Dar es Salaam siendi. Ameandika kwenye karatasi yake kwamba nimepona kwa mapumziko, na si uongo.

Kasiani ana wasiwasi. Kaniuliza kama zamu yake imekwisha. Nimemwambia tutagawana.

25 Desemba, Jumanne

Noeli. Domingo ameongoza nyimbo, nami nimemwomba aendelee hata baada ya Pasaka. Alipopanda, safari hii wenzake walimfuata. Aliponiuliza nikamjibu kwa mdomo kwamba ameimba vizuri, na nilikuwa namaanisha.

Sauti yangu ya juu haitarudi, naona. Iliyorudi ni hii ya chini, yenye mikwaruzo. Watu wanashangaa, wanasema wakinisikia nyuma ya ukuta wanamsikia marehemu mama, ambaye ugoro ulimkwaruza koo tangu ujana wake. Nami nimelifikiri hilo siku hizi zote.

Baada ya chakula Zuhura alikwenda kwake, Kasiani akalala. Esta alikuwa anafunga mzigo wake, kesho anarudi. Nikamwambia aache, aketi, afumbe macho. Akasema ana safari. Nikamwambia afumbe.

Nikatoka nje, nikabisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, nikaingia. Nikamshika mkono. Nikasema kwa sauti hii niliyopewa: "Esta, mwanangu, umekuja. Basi kaa salama, na mlango wako usikose mtu."

Hakufumbua macho. Machozi yalipita chini ya kope, na dada yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akajibu kama mtoto aliyeitwa kutoka uwanjani: "Nipo, mama."